Mlingoti wa usukani unashuka: nitoboe au nichomelee?

Jambo Papa fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Nyumba iko Katuba, shule iko katikati ya mji, na kila asubuhi napita mitaa ya Kenya na Kamalondo kwa kinga yangu, baiskeli ndogo ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka katika mzigo wa baiskeli zilizokuja toka ng'ambo. Naipenda sana. Mvua ikinikuta jioni naikunja, naingia nayo kwenye basi dogo, na usiku inalala chini ya meza ndani ya nyumba, si uani ambako wezi wanapita.

Shida yangu ni usukani. Nikitoka nyumbani naupandisha mpaka kwenye kimo changu na kufunga ule mkono mdogo wa kukazia. Nikifika kwenye mashimo karibu na soko la Kenya, nausikia unazama. Unazama kidogo kidogo, na nikifika shuleni mgongo umepinda. Na siku hizi kuna jambo jipya: mara nyingine gurudumu linatazama mbele na usukani unatazama pembeni kidogo. Juzi pikipiki ilinikatia njia, nikabana breki, mlingoti wote ukateremka kwa mara moja. Sikuanguka, lakini nilishuka na kutembea kwa miguu mpaka shuleni, miguu inatetemeka.

Nimejaribu kukaza. Ule mkono nauzungusha kwa nguvu mpaka unagoma, halafu naulaza. Haisaidii. Mdogo wangu anayekaa nami alisikia mlingoti unapiga kelele akapaka grisi ndani. Kelele ziliisha, lakini naona tangu hapo unashuka zaidi. Yeye pia ndiye anayeichukua Jumamosi kwenda kununua unga, na mfuko wa kilo 25 anauning'iniza kwenye usukani.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza anasema atoboe tundu moja lipite mabomba yote mawili, apitishe boliti, "haitashuka tena mpaka mwisho wa dunia". Wa pili anasema tundu litaharibu, afadhali achomelee mabomba yawe kitu kimoja. Nitapoteza kukunja vizuri lakini nitapata usalama. Wote wawili ni watu wazuri na hawakuniomba pesa nyingi. Sijui nimsikilize nani. Naomba unisaidie kabla sijaharibu kitu ambacho siwezi kukinunua tena.

Mama mwalimu wa Katuba


Mama mwalimu, jambo sana.

Usitoboe, na usichomelee pia. Na mpaka tuimalize kazi hii, baiskeli hiyo usiipande, hata kwenda dukani tu. Mlingoti unaoshuka peke yake ungeweza kuvumiliwa kwa siku moja mbili ukiuteremsha wote mpaka chini, mahali ambapo hauna tena pa kwenda. Lakini usukani unaogeuka bila gurudumu kugeuka nao ni hatari ya namna nyingine. Siku utakapokwepa pikipiki, mikono yako itakata kulia na gurudumu litaendelea mbele.

Baiskeli za kukunja hazifanani. Brompton, zile zinazotengenezwa London, mlingoti wake wa usukani una kimo kimoja tu, haupandi wala haushuki, kwa hiyo ugonjwa wako haziwezi kuupata. Lakini Dahon nyingi, na zile nyingine tele zilizofuata umbo hilo, zina mabomba mawili: la ndani linapanda na kushuka ndani ya la nje, na pete yenye mkono wa kukazia inayabana pamoja. Kwa jinsi unavyoeleza, yako ni ya kundi hili.

Katika mlingoti wa namna hiyo kuna mahali panne panapoweza kulegea. Juu kabisa, usukani wenyewe unashikwa na kishikio chenye boliti. Chini yake ni pete ninayoisema. Kisha kuna bawaba, pale mlingoti unapolala ukikunja baiskeli. Na chini ya bawaba, mlingoti unaungana na foku ya gurudumu la mbele. Fundi akisema "usukani umelegea" bila kukuonyesha ni wapi kati ya hapo panne, bado hajaanza kazi.

Wewe unaona shida mbili, kushuka na kugeuka. Inawezekana ni moja. Kama mabomba yako ni ya duara tupu, pete iliyoshindwa kulizuia bomba la ndani lisishuke itashindwa pia kulizuia lisizunguke. Lakini inawezekana pia kwamba pete ndiyo inayoshusha na muungano wa chini ndio unaogeuza. Huwezi kujua kwa kutazama. Kwa hiyo, kabla ya kugusa spana, chukua rangi ya kucha, ya rangi yoyote inayoonekana. Chora mstari mwembamba unaovuka kila muungano: kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kishikio chake, kutoka bomba la ndani kwenda kwenye pete na bomba la nje, na chini kutoka kwenye mlingoti kwenda kwenye foku. Acha ikauke kabisa. Kisha simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, shika usukani kwa mikono miwili na uuzungushe kwa nguvu, kushoto, kulia. Halafu uegemee kwa uzito wa mwili, kama mtu anayesukuma sanduku chini. Mstari uliovunjika ndio wenye kosa, na nyufa ndogo za rangi zitakuonyesha hata kusogea ambako jicho lisingekuona. Chupa ya rangi usiitupe. Utaihitaji tena mwishoni.

Nadhani utaona mstari wa pete umevunjika, kwa sababu ya grisi.

Mdogo wako alitaka kusaidia, na ni kweli kelele ziliisha. Lakini fikiria kinacholishika lile bomba. Hakuna ngazi ndani, hakuna msumari, hakuna kitu ambacho bomba limekalia. Linashikwa na msuguano tu, na msuguano unatokana na mambo mawili: nguvu ya pete inavyobana, na jinsi nyuso mbili zinavyokwaruzana. Grisi imeliondoa hilo la pili. Ukikaza mara mbili zaidi juu ya grisi, bado unabana vitu viwili vinavyoteleza, na kinachopata taabu ni boliti na masikio ya pete, ambavyo havikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Baiskeli nyingi za kukunja zinavunjika pete hivyo: mtu anakaza, inashuka, anakaza zaidi, inashuka, mpaka siku sikio linapasuka. Nguvu haikupungua hata siku moja. Kilichopungua ni kukwaruzana.

Na hapa kwetu kuna adui wa pili, vumbi jekundu. Kuanzia Mei hadi Septemba linaingia kila mahali, linachanganyika na grisi, na mchanganyiko huo unafanya kazi mbili mbaya kwa pamoja: unalitelezesha bomba likitulia, na unalisaga bomba likisogea. Ukilivuta bomba la ndani nje utaona pengine mikwaruzo mirefu ya kwenda juu na chini. Hiyo ni kazi ya vumbi.

Basi, kazi ya kwanza ni kusafisha, na hapa sitaki haraka. Fungua mkono wa kukazia, livute bomba la ndani mpaka litoke lote. Angalia waya za breki na gia zisikunjwe vibaya. Kama ni fupi, mtu mwingine ashike usukani wakati wewe unafanya kazi. Osha bomba la ndani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Bomba la nje ulisafishe kwa ndani: funga kitambaa kwenye fimbo, kiloweshe sabuni, zungusha, badilisha kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ndani ya bomba hilo pengine kuna mrija wa plastiki mwembamba. Usiukwarue, na ukiona umepasuka au umelika upande mmoja, weka alama, tutaurudia. Pete nayo itoe, uisafishe ndani na katika mpasuko wake.

Halafu pangusa nyuso zote kwa spiriti ya famasi, ya asilimia 70 au 90. Si jeli ya kusafishia mikono: jeli ina glisirini, na ukiipaka unaacha utando mwingine unaoteleza. Mazuti hapana, mafuta ya taa hapana, hayo yote yanaacha mafuta nyuma yake. Petroli inaondoa grisi kweli, lakini kwa mama anayefanyia kazi uani pembeni ya mbabula, jiko la makaa, siipendekezi hata kidogo. Ukimaliza, gusa bomba kwa kidole kikavu. Kidole kinapaswa kukwama kidogo, na kutoa sauti.

Usipake chochote tena kwenye mabomba hayo, isipokuwa ukibahatika kupata ile dawa ya kuunganishia vipuri vya kaboni, yenye chembechembe ndogo ndani. Ilitengenezwa kwa kaboni lakini inafanya kazi vizuri kwenye aluminiamu pia, na kiasi cha punje ya harage kinatosha. Grisi ina mahali pake: kwenye uzi wa boliti, kwenye pini ya bawaba, kwenye kabari ya chini. Kwenye mabomba haina kazi.

Sasa mkono wa kukazia. Barua yako inasema unauzungusha kwa nguvu mpaka unagoma, halafu unaulaza. Watu wengi sana wanafanya hivyo, na aliyekuuzia angepaswa kukuonyesha. Mkono ule si boliti. Tazama kichwa chake, pale unapozungukia: si duara kamili, upande mmoja una nundu. Unapoulaza, nundu inavuta boliti na kubana masikio ya pete. Nguvu yote inatoka katika kule kulaza, wala haitoki katika kuzungusha. Kazi ya kuzungusha ni kupima tu mahali pa kuanzia, na wanaozungusha mpaka mwisho mara nyingi wanashindwa kuulaza wote. Unabaki umesimama nusu, na nundu haijafika mahali pake pa kujifunga. Mtikisiko wa shimo moja unaufungua.

Fanya hivi. Fungua mkono kabisa. Kwa mkono wa kushoto shika nati ya upande wa pili, kwa wa kulia anza kufunga taratibu. Mkono ukifika katikati ya safari yake, yaani umechomoza wima kutoka kwenye bomba, hapo ndipo unapaswa kuanza kusikia ugumu. Ukiusikia mapema zaidi, legeza nati robo mzunguko. Ukifika karibu na mwisho bila ugumu wowote, kaza nati robo. Rudia mpaka uwe sawa. Kuumaliza kuulaza lazima utumie kiganja, na kiganja kibaki na alama kwa muda. Kama kidole kimoja kinatosha, haujakaza. Kama unahitaji kuupiga kwa nyundo, umezidisha. Weka tone moja la mafuta kwenye nundu, pale chuma kinaposugua chuma au plastiki, na ufute linalodondoka kabla halijafika kwenye bomba. Nundu kavu inakudanganya: unasikia ugumu wa msuguano wake mwenyewe ukidhani ni ugumu wa kubana.

Angalia pia mpasuko wa pete unaelekea wapi. Bomba la nje lina mpasuko wake, na wa pete unapaswa kuupata huo, mpasuko juu ya mpasuko. Pete ikizunguka, inabana mahali pasipo na nafasi ya kujikunja, na bomba la ndani halisikii kitu.

Mkono ukiwa umelala, chungulia masikio ya pete. Kati yao lazima ibaki nafasi unayoiona, hata ya milimita 2. Kama yamegusana, umefika mwisho: hata ukimleta mtu mwenye nguvu kuliko wote wa Katuba, atakuwa anabana sikio kwa sikio na bomba litaendelea kushuka. Yakigusana, maana yake ama pete imepinda, ama plastiki ya ndani imelika, ama mtu aliyekuwa na baiskeli kabla yako alibadilisha bomba akaweka jembamba zaidi. Kwa baiskeli iliyokwisha kutumika, hilo la mwisho si la ajabu.

Kwa tofauti ndogo kuna dawa ya mtaani ninayoikubali. Chukua kopo tupu la soda, la aluminiamu. Ubavu wake una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo ukilizungushia bomba la ndani utepe wake mara moja, kipenyo kinaongezeka kama milimita 0.2. Inatosha mara nyingi. Ukate utepe upana wa pete, uusugue kingo kwa msasa ili usikukate vidole, uuzungushe bila kupandana, na nafasi inayobaki kati ya ncha zake uielekeze kwenye mpasuko. Mzunguko mmoja, si mitatu. Ukihitaji mitatu, bomba si la baiskeli hiyo.

Na kuna mstari ambao huenda hukuuona: kwenye bomba la ndani, chini, wameandika au kuchora kikomo. Mstari huo ukionekana juu ya pete, umepandisha kupita kiasi. Sehemu iliyobaki ndani ni fupi mno kushikwa vizuri, na inasukuma mdomo wa bomba la nje mpaka unapasuka. Kipimo kingine ni waya za breki: ukiupandisha mlingoti na kugeuza gurudumu kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, waya zisivutike na breki isishike yenyewe.

Kama mstari wa rangi uliovunjika ni ule wa chini, kwenye foku, kazi ni nyingine kidogo. Kunja mlingoti, mara nyingi utaona ndani ya bawaba, katikati, kichwa cha boliti chenye tundu la pembe sita, kinachotaka spana ya alen. Katika baiskeli nyingine boliti hiyo inavuta kabari inayojitanua ndani ya shingo ya foku, na kwenye nyingine mlingoti unaibana shingo kwa nje kwa boliti ndogo za pembeni. Ya kabari: legeza boliti, toa mlingoti, safisha kutu, paka grisi kidogo kwenye uzi na kwenye uso wa kabari ili visigande, rudisha, nyoosha usukani na gurudumu, kaza vizuri. Ya kubana kwa nje: humo ndani pawe pakavu na safi, na boliti zikazwe kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo. Hapa ningependa uwe na fundi pembeni, kwa sababu kwenye baadhi ya milingoti boliti ya juu ndiyo pia inayopima beringi za usukani, na ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mzito kugeuka.

Bawaba iangalie kwa macho ya kweli, mchana, nje. Ifute vumbi kwanza. Tafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye kona zake na pale ilipochomelewa kiwandani. Ifunge, kisha sukuma usukani mbele na nyuma huku umebana breki ya mbele. Ikicheza, ile nati ndogo ya kurekebishia mkono wa bawaba ikazwe robo mzunguko, ujaribu tena. Kama kuna kizuizi cha pili cha usalama, hakikisha kinanasa. Mlingoti wa baiskeli hizi ni mrefu kuliko wa baiskeli ya kawaida, na urefu huo unaizidishia bawaba kila nguvu inayotoka mikononi mwako. Gurudumu la inchi 20 nalo linazama zaidi kwenye shimo kuliko la inchi 26 au 28, kwa hiyo mapigo ni makali. Ukiona ufa, hata mdogo, hapo hakuna matengenezo. Ni kubadilisha.

Narudi kwa mafundi wako wawili, maana najua utapita mbele yao tena na watakuuliza.

Anayetaka kutoboa anaona sawa jambo moja: boliti iliyopita katikati haitaruhusu bomba kushuka. Asichokiona ni kinachotokea pembeni mwa tundu. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba linapovutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la duara unafika mara 3 ya ule ulioko mbali na tundu. Sasa weka tundu hilo kwenye bomba jembamba la aluminiamu, karibu na pete, mahali ambapo mlingoti unapindwa kwa nguvu kila ukibana breki au kuingia shimoni. Chuma laini kingevumilia kwa muda mrefu. Aluminiamu inahesabu kila pigo, hata dogo, na siku moja ufa unaanza kwenye ukingo wa tundu, ndani, chini ya kichwa cha boliti, ambako hutauona. Haitashuka tena, ni kweli. Itakatika, na utabaki umeshika usukani mikononi.

Anayetaka kuchomelea ana shida nyingine. Mashine nyingi za mtaani zinachomelea chuma kwa vijiti, na aluminiamu inataka mashine yake, gesi ya agoni na mkono uliozoea. Lakini hata akiwa navyo vyote, mabomba haya mengi ni ya aluminiamu iliyopata ugumu wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa utaratibu. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo pembeni mwa mshono, na sehemu hiyo inabaki laini. Wangelazimika kuipasha joto upya kwa vipimo, katika tanuri, jambo ambalo karakana ya mtaani haifanyi. Na utakuwa umepoteza kukunja, ambako ndiko kulikufanya uichague.

Waambie hivyo kwa heshima, maana wote wawili wanataka kukusaidia, na fundi anayekubali kusafisha kwanza ni fundi wa kurudi kwake.

Sasa unga. Mama, hili liseme nyumbani leo. Mfuko wa kilo 25 ukining'inia kwenye usukani unavuta mlingoti chini moja kwa moja, muda wote, na kila shimo linauongezea uzito. Pete haikutengenezwa kushika mzigo huo. Zaidi ya hapo mfuko unayumba, unauvuta usukani upande mmoja, na huenda ndio ulioanzisha kule kugeuka. Baiskeli yako kama ina kitanda cha nyuma, unga ukae hapo, ulale, ufungwe kwa mpira wa kufungia mizigo, na angalia uzito ulioandikwa kwenye kitanda chenyewe. Vingine mwisho wake ni huo huo, kilo 25. Kama haina kitanda, kijana asukume kwa miguu, au unga wa bukari, ugali wetu wa wiki, ununuliwe nusu mfuko kwa mara mbili.

Ukimaliza yote, futa rangi ya kucha ya zamani na uchore mistari mipya. Kwa wiki za kwanza itazame kila ukishuka shuleni. Mistari ikibaki mizima, endelea, na wakati wa kiangazi safisha mabomba kila mwezi. Mstari wa pete ukivunjika tena hata baada ya kusafisha, kurekebisha mkono na kuweka utepe wa kopo, basi kitu kimelika na kinahitaji kingine. Anza na mkono wa kukazia na pete, ndivyo rahisi kupata. Hata boliti ya kawaida na nati badala ya mkono inashika vizuri, ila utahitaji spana kila ukitaka kushusha. Kisha plastiki ya ndani. Bomba lenyewe liwe la mwisho.

Ukienda kutafuta bomba au pete, usiende na kipimo cha macho. Mwombe mtu mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, akupimie kipenyo cha bomba la ndani na cha bomba la nje, mahali pasipokwaruzwa, kwa milimita na sehemu za kumi. Tofauti ya nusu milimita, ambayo muuzaji atakuambia si kitu, ndiyo itakayokurudisha kwangu. Uende na bomba la zamani mkononi, ulijaribu palepale kabla ya kulipa: liingie kwa mkono bila kulazimishwa, na pete ikilegezwa lisichezecheze.